Kuasili mtoto mkubwa kutoka nje: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Shemeji yangu na mumewe wako Ohio, wamemuasili kijana wa Colombia, yaani wamemfanya mtoto wao kisheria, alikuwa na miaka 11 walipompata. Toka picha zake zifike kwenye grupu la familia, Tanga na Dar hawalali, kila siku swali jipya, mengine ya maana kabisa na mengine stori za kijiweni tu. Nimechoka kutuma voice note, nayajibu hapa yote mwenye swali aje asome.

"Kumbe inawezekana! Basi na wewe muasili mtoto wa dada yako aje asome huko"

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote na ndilo lenye uongo mwingi kuliko yote. Watu wanaamini ukishakuwa na pasipoti ya Marekani unaenda mahakamani Dar, unasaini, mpwa anapanda ndege. Hakuna kitu kama hicho jamani.

Anza na kwetu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inasema asiye raia akitaka kuasili awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo, na amlee kwanza huyo mtoto angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii. Sasa kumbuka sisi hatuna uraia pacha, kwa hiyo Mtanzania aliyekula kiapo cha Marekani, hata kama kazaliwa Bombo na kitovu chake kimezikwa Pangani, mbele ya sheria hiyo ni mgeni kama Mzungu mwingine yeyote. Hili wengi linawakuta wameshakata tiketi. Kwa majirani zetu Kenya, serikali ilisimamisha watu wa nje kuasili watoto wa kule tangu Novemba 2014.

Halafu njoo upande wa Marekani. Makaratasi ya mtoto yaingizwe kabla hajatimiza miaka 16, labda awe ndugu wa damu wa mtoto ambaye wazazi haohao wameshamuasili, hapo ndio wanaruhusu mpaka 18. Kwa nchi kama Tanzania ambayo haimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1993, yaani makubaliano ya nchi kuhusu kuasili watoto wa nchi nyingine, mtoto lazima aingie kwenye maana yao wao ya yatima, yaani wazazi wamefariki au wamemtelekeza, au amebaki mzazi mmoja asiye na uwezo wa kumtunza na ameandika kwamba anamwachia moja kwa moja. Mama yupo, baba yupo, wana genge lao Magomeni na watoto wanakula vizuri tu? Huyo si yatima wa mtu. Njia nyingine ni umuasili kabla ya miaka 16 halafu uishi naye na kuwa mlezi wake kisheria miaka miwili, ambayo maana yake wewe ndio urudi Bongo. Kwa mpwa wa miaka 17 anayemaliza form four mwakani, mlango umefungwa.

Na ndugu zangu Waislamu wanaoniuliza habari ya kafala: ni kitu halali na chenye heshima, hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto unaitaja kwenye ibara ya 20, ila ni malezi, nasaba ya mtoto inabaki ya baba yake. Uhamiaji wa Marekani hawaihesabu peke yake kuwa ni kuasili.

"Unaenda kule unachagua mtoto unayemtaka"

Aisee hapana. Colombia kuna taasisi ya serikali inaitwa ICBF, hao ndio wanaoangalia mtoto gani anafaa familia gani, na kwa kawaida wageni wasio na asili ya Colombia hawapewi mtoto mdogo mwenye afya yake. Wadogo ni wa familia za kwao. Wageni wanapewa waliovuka miaka sita na miezi kumi na moja hivi, au ndugu wasiotakiwa kutenganishwa, au wenye mahitaji maalum ya kiafya. Kwa hiyo wakati watu wanasema shemeji kajitakia shida kwa kuchukua mkubwa, ukweli ni kwamba wakubwa ndio wanaosubiri.

Na kabla ya yote hayo wewe mwenyewe unachambuliwa mpaka basi. Ofisa anakuja nyumbani, anakuuliza ulivyolelewa, mlivyogombana mara ya mwisho mkasuluhishana vipi, mshahara, madaktari, alama za vidole kwa FBI, na mafunzo yasiyopungua saa 10. Kwa Colombia uwe umefikisha miaka 25 na umzidi mtoto angalau miaka 15. Mume wa shemeji, mtu mkimya hata salamu anatoa kwa kichwa, aliulizwa kama kuna mtu anayemfundisha kusuka nywele za mtoto wa aina tofauti na zake. Ilimbidi ajibu!

Jambo moja lililonifurahisha kwenye sheria ya Colombia, ile Sheria namba 1098 ya 2006, mtoto anachukua ukoo wa wazazi wapya lakini jina lake la kwanza haliguswi hovyo kama amevuka miaka mitatu, labda mwenyewe akubali au jaji aone kuna sababu ya maana. Bibi upande wa pili alishaandaa jina la babu. Kijana akasema hapana, na ikawa hapana.

"Wote ni yatima"

Wengi walioko kwenye vituo, Afrika na kwingineko, wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Wamefika pale kwa umaskini, kupigwa, ulevi, mahakama kuwatoa nyumbani. Ndio maana mtoto wa miaka 11 anakuja na mama anayemkumbuka sura, na ukimwambia "sasa mama yako ni huyu" unamgombanisha na kumbukumbu zake.

"Mkubwa keshaharibika, hafunziki"

Hapa sikubaliani na wanaotisha watu, wala na wanaopaka rangi. Wiki za kwanza mtoto anaweza kuwa malaika, anaosha vyombo bila kuambiwa, kila mtu anashangilia. Baadaye anaanza kujiuliza kama hawa watu watakaa kweli, na hapo ndio anawajaribu. Kwa shemeji iliibuka kwenye chakula. Mikate ilikuwa inapotea, ikaja kukutwa kwenye soksi, nyuma ya pazia, mingine imeota ukungu ndani ya begi la shule. Baba mkwe akasema huo ni wizi, achapwe. Wao wakaweka kikapu chumbani kwake, ndizi, biskuti, siagi ya karanga, kikipungua kinajazwa bila maswali. Alikula mpaka akaumwa tumbo, halafu taratibu kikapu kikaanza kubaki kimejaa. Mtoto aliyewahi kulala njaa hawezi kukuamini kwa maneno.

Na tafiti zipo. Watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti nyingi mwaka 2005 wakakuta watoto walioasiliwa kutoka nje wengi wako sawa tu, na wana matatizo ya tabia kidogo kuliko walioasiliwa ndani ya nchi. Ila wale watoto wa Romania waliokaa zaidi ya miezi sita kwenye vituo vibaya vya enzi za dikteta wao Ceaușescu, waliofuatiliwa Uingereza mpaka utu uzima, wengi walibaki na shida, na hata hivyo mmoja kati ya watano hakuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo swali la kuuliza ni alipitia nini na kwa muda gani, umri peke yake haukwambii kitu.

"Kiingereza atakijulia wapi huyo?"

Atakijua. Cha kuogopa ni Kispanyola chake kufa. Mwaka 2003 Ufaransa waliwapima watu waliotolewa Korea wakiwa na miaka 3 hadi 8, wakakuta Kikorea kwao kimekuwa kama lugha yoyote ngeni, hawaijui kabisa. Huyu ni mkubwa zaidi kidogo lakini ana dada yake aliyebaki Cali, Colombia, wa kuongea naye, akipoteza lugha amempoteza na dada. Kila Jumapili wanapigiana video.

"Ikishindikana si unamrudisha tu"

Mwaka 2010 mama mmoja wa Tennessee alimpandisha ndege mtoto wa miaka 7 peke yake kumrudisha Moscow na barua mkononi, dunia nzima ikachachamaa. Jaji akishatoa hukumu huyo ni mtoto wako kama uliyemzaa, na Colombia wanataka ripoti zake kwa miaka miwili baada ya hapo.

"Akishuka tu ndege ni raia"

Hili lina ukweli nusu. Kwa sheria iliyoanza Februari 27, 2001, aliye chini ya miaka 18 ambaye uasili wake umekamilika nje anakuwa raia akiingia. Kama haujakamilika, inabidi umaliziwe Marekani kwanza. Waliokuwa wameshatimiza 18 siku hiyo waliachwa, na wapo waliokuja kufukuzwa nchini wakiwa watu wazima wenye watoto wao. Fuatilia cheti cha uraia, kitunze.

"Wana hela za kuchezea"

Inagharimu dola 30,000 mpaka 50,000, unafuu wa kodi kwa 2025 unaishia 17,280. Wamekopa. Na njia zenyewe zinazidi kufungwa, Ethiopia walifunga 2018, China 2024, Marekani iliyopokea watoto karibu 23,000 mwaka 2004 kufikia 2024 ilishuka mpaka elfu moja na kidogo. Kwa hiyo yule jamaa anayezunguka kwenye magrupu akisema ana wakala wa kuwapeleka watoto wenu Marekani kwa "adoption" na anataka ada ya fomu kwanza, msimtumie hata mia.