Mapambo ya Ndani ya Mahekalu ya Wamormoni: Yanayosemwa na Yaliyomo

Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu tarehe 14 Aprili 2019, na la Nairobi tarehe 18 Mei 2025. Kabla ya siku hizo milango ilifunguliwa kwa yeyote aliyetaka kutembelea, na maoni kuhusu vyumba vya ndani hayajakoma tangu hapo: zulia la krimu, makochi ya kifahari, mataa ya vioo, nakshi za dhahabu. Mengi ya maoni hayo hukosea kwa sababu moja. Watu huhukumu samani kabla ya kuuliza chumba kinatumikaje. Katika mahekalu ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ibada ndiyo inayopanga rangi, mwanga na viti. Ukilijua hilo, utaona pia kwa haki ni wapi ladha yao imeyumba.

Dhana: Chumba cha selestia (yaani cha mbinguni) ni ukumbi wa mapokezi wa hoteli

Hii ndiyo inayosemwa zaidi, na inaeleweka: dari ni refu, kuna taa kubwa ya vioo katikati na makochi yamepangwa mafungu mafungu. Lakini katika chumba hicho hakuna anayepokewa wala anayesubiri kuitwa. Hakuna mahubiri na hakuna ibada inayoendeshwa humo. Mwumini huanza kwa kubadili nguo, akavaa nyeupe hadi viatu, akapita kwenye chumba cha mafundisho kimoja au zaidi, akavuka pazia, ndipo akaingia humo. Chumba kinawakilisha kuwa mbele za Mungu, na kazi yake ni kukaa kimya, kuomba, au kunong'ona na mke, mume au mzazi.

Mpangilio unatokana na hapo. Viti haviwi safusafu kwa kuwa hakuna wa kutazamwa mbele. Zulia ni nene na mapazia ni mazito kwa sababu vitu laini hufyonza sauti. Chumba chenye dari refu na sakafu ya marumaru tupu kingerudisha kila mnong'ono. Rangi nazo hupanda ngazi: katika mahekalu mengi chumba cha kwanza kina rangi za ardhi na majani, kinachofuata ni cheupe zaidi, na cha selestia ndicho chenye mwanga kuliko vyote. Anayeona picha ya chumba cha mwisho peke yake ameona hatua ya juu bila ngazi zake, na ndiyo maana kinamwonekea cheupe kupita kiasi.

Zulia la krimu nalo huwashangaza wengi: linabakije safi? Jibu liko miguuni. Viatu vya barabarani haviingii kwenye vyumba hivyo. Anayelinunua kwa ajili ya sebule ambayo wageni huingia na viatu vyao asitegemee matokeo hayo, kwa maana mchanga hukata nyuzi za zulia chini kabla uchafu haujaonekana juu.

Na kwa wanaotaka kuiga weupe huo nyumbani: kosa la kawaida ni kupaka ukuta mweupe wa dukani na kufunga balbu za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Utapata wodi ya hospitali. Balbu za kelvini 2700 hadi 3000 hutoa mwanga wenye joto. Chagua pia weupe wa aina tatu au nne, yaani krimu ukutani, pembe ya ndovu kwenye pazia, mchanga kwenye kitambaa cha kochi, na utofautishe mguso wake: kimoja laini, kingine chenye mistari, kingine cha kung'aa kidogo. Weupe wa aina moja kila mahali hauna kivuli, na macho hayapati pa kutua.

Dhana: Ile ni dhahabu tupu

Kinachong'aa kwenye nakshi za dari na nguzo za majengo ya namna hii ni ngozi ya dhahabu, yaani karatasi nyembamba mno ya dhahabu, si bamba. Karatasi moja ya dhahabu ya mafundi ina upande wa milimita 80 hivi na unene wa takriban mikroni 0.1. Piga hesabu: meta moja ya mraba huhitaji karatasi 156, na ukiongeza za kupishana ni kama 180, yaani vitabu 7 au 8 vya karatasi 25. Uzito wa dhahabu yote inayofunika meta hiyo ni gramu 2 tu hivi. Hata sanamu ya malaika Moroni iliyo juu ya hekalu la Salt Lake katika jimbo la Utah, Marekani, kazi ya Cyrus Dallin, ni shaba nyekundu iliyofunikwa kwa dhahabu ya karati 22.

Gharama kubwa iko kwenye mikono ya fundi. Sehemu husuguliwa hadi iwe laini, ikapigwa rangi ya msingi, mara nyingi ya njano au nyekundu ya udongo, ili mwanya ukitokea usionekane. Kisha hupakwa gundi ya mafuta kwa safu nyembamba na kuachwa ianze kukauka kwa muda wa saa 3 au 12 kulingana na aina yake. Fundi hugusa kwa kifundo cha kidole. Kidole kikishika na kuachia kwa mlio mdogo bila gundi kubaki mkononi, wakati umefika. Akiwahi, dhahabu huzama kwenye gundi na kufifia. Akichelewa, haishiki, na vijitundu hutokea kila penye mkunjo wa nakshi. Mwisho hupita na brashi laini kuondoa mabaki. Huo mng'ao uliopooza unaouona kwenye baadhi ya majengo ya ibada, wenye rangi ya haradali, kwa kawaida ni rangi ya kopo au gundi iliyowahiwa.

Dhana: Vioo vya chumba cha kuunganisha ni vya kujitazama

Katika chumba ambamo ndoa hufungwa kwa ajili ya milele, kuna madhabahu yenye mto katikati, viti vya familia pembeni, na vioo viwili vikubwa kwenye kuta zinazotazamana. Maarusi wakisimama kati yake huona taswira zao zikijirudia bila mwisho. Hayo ni mafundisho kwa njia ya samani: ndoa na ukoo havikatiki. Kwetu, hakuna wazo lililotekelezwa kwa vitu vichache na likafikisha maana vizuri kama hili. Ni vipande viwili vya kioo, basi.

Kuvifunga sawasawa ni kazi ya makini. Vioo visipokuwa sambamba, ile njia ya taswira hujipinda kama barabara ya mlimani na kupotelea ukutani. Kioo kikienda upande kwa digrii 1, kila mzunguko wa kwenda na kurudi hugeuza taswira kwa digrii 2. Kufikia mzunguko wa 10 umeshapotea kwa digrii 20. Kwa kioo chenye upana wa meta 2, hiyo digrii 1 ni tofauti ya milimita 35 tu kati ya ncha moja na nyingine. Kwa hiyo usiamini ukuta. Pima umbali kati ya vioo vyenyewe kwenye pembe zote nne, na urekebishe kwa vipande vya kujazia nyuma ya fremu hadi vipimo vilingane. Taa ya kuning'inia katikati ndiyo shahidi wako: safu ya taa kwenye kioo ikinyooka, umefaulu.

Kuna pia suala la rangi. Kioo cha kawaida hurudisha kama asilimia 90 ya mwanga. Baada ya kurudishwa mara 10 hubaki asilimia 35, na taswira za mbali huingia ukijani kwa sababu ya chuma kilichomo kwenye kioo. Kioo chenye chuma kidogo hupunguza ukijani huo, na kioo kinene cha milimita 6 hakibonyei kirahisi kama chembamba. Jambo moja halina dawa: ukisimama katikati kabisa, kichwa chako mwenyewe huziba mwisho wa njia. Lazima usogee kidogo pembeni, na hapo ndipo mara nyingi unamwona aliye karibu nawe badala yako.

Dhana: Yote yamenunuliwa ghali kutoka viwandani

Vitambaa vinavyofunika madhabahu mara nyingi hufumwa kwa kroshia na wanawake waumini na kutolewa kama sadaka. Mwenye sebule ya Kiafrika Mashariki yenye vitambaa vya kochi vilivyofumwa kwa mkono atatambua kazi hiyo mara moja.

Na waanzilishi wa Utah hawakuwa na mbao ngumu za kutosha. Katika Tabernacle ya Salt Lake, ukumbi wao mkubwa wa mikutano, walichukua msonobari, wakapaka benchi zionekane za mwaloni na nguzo zionekane za marumaru. Ufundi huo una hatua zake: msingi wa rangi ya ngano, kisha rangi nyembamba ya kahawia iliyolegezwa kwa mafuta, kisha chanuo la chuma au la ngozi likivutwa kabla haijakauka ili kuacha mistari ya mbao, na mwisho vanishi. Ukitumia shinikizo lile lile la mkono toka mwanzo hadi mwisho, mistari hulingana mno na jicho hugundua. Anayesema walikuwa wakidanganya hajaelewa kuwa walitoa walichokuwa nacho, wakakipa kazi ya kutosha hadi kikastahili.

Dhana: Mahekalu yote ni nakala moja

Hapa wakosoaji wana nusu ya haki. Salt Lake, lililowekwa wakfu 1893 baada ya miaka 40 ya ujenzi, lina nakshi nzito za enzi yake. Hata vitasa vya milango vina nakshi ya mzinga wa nyuki. Cardston huko Kanada, la 1923, lina mistari mipana ya mlalo na mbao zilizopachikwa kwa ustadi. Jengo la Provo City Center lilitokana na kanisa lililoungua Desemba 2010, na ndani likarudishiwa mtindo wa karne ya 19.

Lakini mwaka 1955 hekalu la Bern nchini Uswisi lilianza kutumia filamu katika chumba kimoja badala ya waumini kuhama chumba hadi chumba, kwa kuwa jengo lilikuwa dogo na waumini wa Ulaya walizungumza lugha nyingi. Mwaka 1997 Gordon B. Hinckley, rais wa Kanisa wakati huo, alitangaza mpango wa mahekalu madogo, na ramani za kurudiwa zikawa jambo la kawaida. Faida ni kubwa: mtu wa Kivu au Kisumu hahitaji tena kufikiria safari ya Johannesburg, ambako hekalu la kwanza barani lilifunguliwa 1985. Hasara ipo pia. Kochi la mtindo wa Kifaransa lililotoka kwenye orodha ile ile halisemi lolote kuhusu mahali lilipowekwa.

Dhana: Michoro ya ukutani ni urembo wa ziada

Hili linatuuma. Mwaka 1890 Kanisa liliwatuma vijana wachoraji, wakiwemo John Hafen, Lorus Pratt na John B. Fairbanks, wakasome Paris kama wamisionari wa sanaa, ili warudi kuchora kuta za Salt Lake. Michoro ya bustani na ya dunia iliyoanguka ilikuwa sehemu ya mafundisho yenyewe: mwumini alihama kutoka uumbaji hadi ulimwengu wa miiba kwa miguu yake.

Mwaka 1976 hekalu la Logan lilibomolewa ndani ili kuingiza filamu, na kazi nyingi za waanzilishi zikapotea. Machi 2021 ilitangazwa kwamba michoro ya Salt Lake itaondolewa katika ukarabati wa kuliimarisha jengo dhidi ya matetemeko, na ibada itahamia kwenye filamu. Haja ya uimarishaji ilikuwa ya kweli. Machi 2020 tetemeko la kipimo cha 5.7 lilikuwa limelitikisa jiji. Hata hivyo kuokoa mchoro hutegemea ulivyowekwa. Uliochorwa kwenye turubai na kubandikwa ukutani unaweza kufunikwa kwa karatasi ya kinga na kubanduliwa taratibu. Uliochorwa moja kwa moja juu ya plasta hutoka pamoja na plasta, na plasta ya zamani hupasuka. Ndiyo maana murali nyingi za leo huchorwa kwenye turubai karakanani.

Hekalu la Manti lilikuwa kwenye mpango huo huo, pamoja na chumba alichochora Minerva Teichert mwaka 1947, chenye misafara ya watu wa historia badala ya wanyama na miamba. Watu walilalamika, na Mei 2021 uongozi ukabadili uamuzi: michoro ibaki, na hekalu jingine lijengwe Ephraim jirani. Manti liliwekwa wakfu upya Aprili 2024 kuta zake zikiwa mahali pake.

Dhana: Ng'ombe wa kisimani ni sanamu za kuabudiwa

Hapana. Kisima cha ubatizo hukaa juu ya ng'ombe 12, watatu watatu kuelekea pande nne, kama ilivyoelezwa katika 1 Wafalme 7:25 kuhusu bahari ya Sulemani. Wanawakilisha makabila ya Israeli.

Dhana: Hakuna wa nje aliyewahi kujua kilichomo

Mwaka 1911 picha za ndani ya Salt Lake zilipigwa kwa siri, na waliokuwa nazo wakataka fedha. Kanisa halikulipa. Mwaka 1912 lilichapisha kitabu cha James E. Talmage chenye picha zake lenyewe, chumba kwa chumba. Siku hizi desturi ni kufungua milango kwa umma kabla ya kuweka wakfu, na tena baada ya ukarabati mkubwa, kama Washington mwaka 2022. Baada ya wakfu huingia wenye kibali cha hekalu.

Salt Lake limepangiwa kutembelewa na umma kuanzia Aprili hadi Oktoba 2027. Mwenye jamaa Utah amwambie ashuke macho kutoka kwenye taa za vioo na aangalie vitasa, ukingo wa ngazi na mbao za milango.