Mfumo wa Opioidi wa Ubongo, na Kinachoupata Pombe Inaponywewa Kila Siku

Neno opioidi limetokana na jina la utomvu wa mmea ambao Waswahili waliufahamu tangu zamani kwa majina ya afyuni na kasumba. Mfumo wa opioidi wa ubongo ni jumla ya kemikali zinazofanya kazi kama afyuni, ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, pamoja na vipokezi vyake, yaani pale mahali juu ya chembe za neva ambapo kemikali hizo hushika na kuleta athari. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, waliokuwa Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba vipokezi hivyo vipo. Na kwa kuwa haielekei ubongo kuwa na vipokezi vya utomvu wa shambani, watafiti wakatafuta kemikali ya mwili wenyewe, mpaka mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wakaipata enkefalini huko Aberdeen, Uskoti.

Vipokezi vikuu ni vya aina tatu: myu, delta na kapa. Endofini na enkefalini, ambazo ni miongoni mwa kemikali hizo za mwili, hushika zaidi kwenye myu na delta, zikatuliza maumivu na kuleta raha. Dainofini, ya jamii hiyohiyo, hushika kwenye kapa, na athari yake ni kinyume, kwani huleta unyonge, wasiwasi na kuchukizwa na mambo. Tofauti hii ndiyo shina la maelezo yote yanayofuata.

Mtu anapoketi mangweni, yaani kilabuni kwa mnazi, pale Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, na kuvuta mnazi kwa mseche, ule mrija wa kunywea, kwa mara ya kwanza, pombe huufanya ubongo wake utoe endofini. Endofini huzinyamazisha chembe ambazo kwa kawaida huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu, na dopamini ikiachiliwa, ubongo huliandika tendo lile kuwa jambo la kurudiwa. Panya walioondolewa vipokezi vya myu katika maabara hawakuonyesha hamu ya kujitafutia pombe, na hilo linaonyesha jinsi mvuto wa kileo unavyotegemea mfumo huu.

Shida huanza pombe inaporudiwa siku baada ya siku kwa miezi na miaka. Mwili huzoea, na kikombe kilichokuwa kikitosha hakitoshi tena. Wakati huohuo vitu vinavyoandamana na pombe huzidi kuwa na nguvu: harufu ya mnazi uliochacha, sauti za wenzake chini ya minazi, hata saa ile ambayo mgema hushuka na kibuyu chake, vyote huamsha hamu kabla kinywaji hakijafika mdomoni. Hamu inakua huku raha inapungua. Wake wa wanywaji hulijua jambo hili kuliko wengi wetu, maana ndio wanaoona kwamba mume aliyekuwa akirudi nyumbani akiimba sasa anarudi kimya, na bado kesho atakwenda.

Nako upande wa kapa, dainofini huongezeka katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia hofu na msongo. Mnywaji huamka akiwa na jasho, moyo unamwenda mbio, na kikombe cha kwanza hukishika kwa mikono miwili ili kisimwagike. Hicho cha asubuhi, ambacho wengine hukiita cha kuzimua, anakinywa ili aondokewe na adha, wala hatafuti furaha. Naamini kumwambia mtu wa hali hii kwamba hana nia ni kumdhulumu, kwa sababu nia yake inapambana na ubongo uliokwisha kubadilika.

Ujuzi huu ndio uliozaa tiba ya naltreksoni, dawa inayoziba vipokezi vya opioidi, hasa myu, ili pombe isilete raha iliyozoeleka na hamu ipungue. Marekani iliiidhinisha kwa waraibu wa pombe mwaka 1994, na kipimo cha kawaida ni kidonge cha miligramu 50 kwa siku. Haimsaidii kila mtu, na haizuii mitetemeko wala degedege linaloweza kumpata mnywaji wa siku nyingi akiacha ghafla. Huyo anahitaji daktari karibu, kwa kuwa hali hiyo inaweza kumuua.

Kwa miji yetu ya Malindi na Lamu, ambako unga, yaani heroini, umeingia katika nyumba nyingi, kuna hatari nyingine. Heroini na methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, hutumia vipokezi vilevile vya myu, kwa hiyo anayezitumia akimeza naltreksoni hutupwa papo hapo katika arosto kali, yaani mateso ya kukatiwa dawa mwilini. Ndiyo maana mtoa dawa humuuliza kwanza mgonjwa wa pombe kama anatumia unga, na akikiri, husubiri siku saba hadi kumi tangu alipoutumia mara ya mwisho, au zaidi ikiwa ni methadoni, kabla ya kumpa kidonge cha kwanza.