Kocha Kaondoka, Kikosi ni Kilekile

"Mfukuzeni huyo kocha, ndani ya mechi tano mtaona mabadiliko." Maneno haya nayasikia kwenye vibanda vya mpira Kampala, nayasikia Busia pale mpakani, nayasikia hata kwa viongozi wa klabu wanaolipwa ili wawe na akili zaidi ya shabiki. Jumapili iliyopita nimeambiwa tena, na mzee mmoja ambaye ameishabikia Manchester United tangu enzi za kocha Alex Ferguson. Nimechoka nayo. Mimi ni mchambuzi wa video katika ligi kuu ya hapa Uganda. Ndiye ninayekesha nikikata vipande vya mechi ili kocha awaoneshe wachezaji asubuhi. Kwa hiyo nisikilizeni.

Ndiyo, ndani ya mechi tano mtaona mabadiliko. Na hapo ndipo mnapodanganyika.

Jiulizeni kocha hufukuzwa lini. Hafukuzwi timu ikiwa katika hali yake ya kawaida. Hufukuzwa ikiwa chini kabisa: imefungwa mara nne mfululizo, mabeki wawili wako hospitali, kila shuti linagonga mwamba, na ratiba imempanga na vigogo watatu kwa mpigo. Timu haikai huko chini milele, hata mkimwacha kocha yuleyule. Majeruhi watapona, mashuti yataanza kuingia, vigogo watapita zamu yao. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichukua matokeo ya ligi ya kwao ya kuanzia 1986 hadi 2004, akaziweka klabu zilizofukuza makocha kando ya klabu zilizoporomoka vilevile lakini zikavumilia. Zilizofukuza zilipanda. Zilizovumilia nazo zilipanda. Kufukuza hakukuongeza kitu.

Mashabiki wa United ndio wangepaswa kulijua hili kuliko wote. Mourinho alifukuzwa Desemba 2018 timu ikiwa nafasi ya 6. Akaja Solskjaer kwa muda, akashinda mechi 8 za kwanza zote. Kila mtu akasema tatizo lilikuwa Mourinho. Mwishoni mwa Machi 2019 akapewa mkataba wa kudumu, na katika mechi 10 zilizobaki msimu ule akashinda 2. Ligi ikaisha United ikiwa nafasi ya ngapi? Ya 6. Palepale walipomfukuzia mwenzake.

Upande wa pili kuna wanaosema tatizo ni mmiliki bahili, atoe pesa tu mambo yanyooke. Hawa wananiudhi zaidi, kwa sababu wamekaribia ukweli halafu wakaupita. Familia ya Glazer iliichukua United mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa mkopo, na deni likawekwa juu ya klabu yenyewe. Tangu hapo klabu imekuwa ikilipa riba ya fedha iliyotumika kuinunua. Hasira ya hapo naielewa na naiunga mkono. Lakini msiseme hawakununua wachezaji. Wamenunua, tena kwa bei za kutisha. Swali ambalo kibandani silisikii ni hili: nani alikuwa anachagua? Van Gaal aliletewa wake, Mourinho akakuta wa Van Gaal akaongeza wake, Solskjaer akaongeza wake, Ten Hag akaja na wake. Kila kocha aliacha wachezaji wenye mikataba minono ambao anayefuata hakuwataka na hakuweza kuwauza. Hicho ndicho kikosi. Hakikujengwa na mtu mmoja kwa wazo moja, kimerundikwa.

Na kura za kuamua mambo ya klabu? Hisa za familia hiyo ni za daraja ambalo kila hisa ina kura 10, wakati hisa inayouzwa sokoni New York ina kura 1. Ndiyo maana mabango ya "ondokeni" hayamwondoi mtu. Februari 2024 tajiri wa Uingereza, Jim Ratcliffe, akanunua zaidi ya robo ya klabu na kukabidhiwa masuala ya soka. Julai mwaka huohuo Ten Hag akaongezewa mkataba, dirisha zima la usajili likafanywa kwa mfumo wake wa mabeki wanne. Oktoba akafukuzwa. Novemba akaletwa Ruben Amorim, mtu wa mabeki watatu na mawinga wanaorudi kukaba upande mzima, katikati ya msimu, bila dirisha kufunguliwa. United ikamaliza ya 15. Nami naambiwa nijadili kama Amorim alikosea kumpanga nani kiungo wa kati!

Turudi nyumbani, ambako hili naligusa kwa mikono yangu. Klabu moja niliyoifanyia kazi ilifungwa bao la krosi kutoka upande wetu wa kushoto, na jukwaa zima likaimba kocha aende. Bao lenyewe lilichukua sekunde tatu. Rudisha video sekunde 12 nyuma. Beki wetu wa kushoto amepanda, amepoteza mpira, anarudi kwa kutembea. Kiungo mkabaji ananyoosha mkono kumwonesha beki wa kati aende kufunika, beki wa kati anatazama mpira. Winga wao ana mita 20 za nyasi peke yake. Shabiki anaona kocha ameshindwa kupanga ulinzi. Mimi naona mengine: yule "beki wa kushoto" ni namba kumi kwa asili, kiungo wa kushambulia. Kocha aliomba beki dirisha zima, kiongozi mmoja akaleta kijana wa rafiki yake. Yule beki wa kati hakufanya mazoezi Jumanne wala Jumatano kwa sababu mshahara ulikuwa umechelewa na hakuwa na nauli ya boda. Mambo hayo hayaonekani kwenye video, na hayaandikwi kwenye barua ya kumfukuza kocha. Barua ilisema "matokeo mabaya".

Ligi yetu ina wamiliki wa kila aina. KCCA ni ya mamlaka ya jiji. Police ya polisi, URA ya mamlaka ya mapato na UPDF ya jeshi ziko chini ya taasisi za serikali. Vipers ya Kitende imejengwa na mtu mmoja, Lawrence Mulindwa. SC Villa kwa miaka mingi imejiita timu ya watu. Kila aina ina ugonjwa wake, na kocha anayefaulu kwenye moja anaweza kuzama kwenye nyingine bila kubadilisha hata zoezi moja. Villa walikaa bila ubingwa wa ligi tangu 2004 mpaka 2024. Makocha wangapi walipita hapo katikati? Wote hawakujua mpira?

Tazameni pia timu ya taifa. Kocha Micho Sredojević ndiye aliyeipeleka Uganda Cranes kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2017, la kwanza tangu 1978. Akaondoka mwaka huohuo akidai mishahara, akarudi 2021, na 2023 tukashindwa kufuzu AFCON, akaachishwa kazi. Mtu ni yuleyule.

Sasa niseme kinachoninyima usingizi. Sijui kwa hakika kocha ana uzito kiasi gani, na sijakutana na mchambuzi anayejua. Mishahara ya kikosi hueleza sehemu kubwa ya nafasi ya timu kwenye msimamo kwa muda mrefu, lakini si yote. Vipers iliitoa TP Mazembe kwa penalti na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikiwa na kocha Robertinho. Januari 2023 akahamia Simba, wakakutana kundi moja, Simba ikashinda zote mbili 1-0. Hapo kocha anaonekana ndiye kila kitu. Lakini Vipers hiyohiyo bila yeye ikachukua ligi ya Uganda msimu uleule. Nikae upande gani?

Mikel Arteta, kocha wa Arsenal, ananisumbua vilevile. Arsenal ilimaliza ya 8 mara mbili mfululizo, ikafungua msimu wa 2021/22 kwa kufungwa mechi tatu, ya tatu 5-0 na Manchester City. Vibandani hapa hakuna aliyemtaka. Wamiliki wakamwacha, baadaye wakawa wa pili misimu mitatu mfululizo. Naamini kilichomwokoa ni kwamba yeye na Edu, aliyesimamia usajili, walikuwa wanatafuta aina moja ya mchezaji. Naamini, sijathibitisha. Huenda kuna makocha waliovumiliwa hivyohivyo wakashusha timu daraja, na sisi tumewasahau.

Na kuna wakati kufukuza ni sahihi. Wachezaji wakiacha kukimbia, naliona kwenye picha kabla ya mtu kuniambia: kiungo haombi mpira, beki hapigi kelele, mpira ukipotea wanaangaliana. Mara nyingi hapo hakuna cha kuokoa. Lakini kabla hamjaanza kuimba Jumamosi, ulizeni katibu wa klabu yenu nani aliyesaini wachezaji wa msimu huu, na kama kocha aliulizwa. Makocha wanaojua kazi huanzia hapohapo. Wakifika klabu mpya hawaniombi video kwanza. Wananiomba orodha ya wachezaji na tarehe mikataba yao inapoisha.