Je, wajua kwa nini reale ya Maria Theresa haivuki mwaka 1780?

Anayeanza kukusanya sarafu za kale akishika reale yake ya kwanza ya Maria Theresa, moyo humdunda. Ni pande la fedha la gramu 28, lina sura ya malkia mnene aliyejitanda ushungi wa ujane, na nyuma yake tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Kumbe huenda imegongwa juzi tu.

Maria Theresa, malkia wa Hungaria na Bohemia na mtawala wa Austria, alifariki Novemba 1780. Kwa desturi mtawala akifa, sura yake huondolewa kwenye sarafu mpya. Yake haikuondolewa, kwa sababu ya wafanyabiashara wa mbali. Wauza kahawa wa Yemen na watu wa Uhabeshi walikwisha kuizoea: walihesabu lulu za bizimu (pini ya kufungia nguo) begani mwake, wakapapasa maandishi ya ukingoni, yaliyomfichua mara moja aliyekwangua fedha. Ukiwaletea sura nyingine, hawapokei. Vienna, mji mkuu wa Austria, ikaendelea kugonga ileile, mwaka uleule.

Pwani yetu nayo iliitumia. Wazee waliiita reale ya Sham, yaani Syria (ingawa Vienna na Sham wapi na wapi!), tofauti na reale ya mzinga ya Wahispania, ambayo nguzo zake mbili zilifanana na mizinga. Nyingi ziliishia kwa masonara, zikayeyushwa kuwa vikuku.

Ufalme wa Habsburg, ukoo wa Maria Theresa, ulianguka 1918, reale isitikisike. Mwaka 1935 Mussolini, dikteta wa Italia, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alipata kutoka Austria mihuri ya kuigongea, ikawa inatengenezwa Roma. Waingereza nao wakaigonga London, baadaye Bombay. Vienna inaigonga hadi leo.

Kwa hiyo mkusanyaji asiutegemee mwaka. Hata herufi S.F. chini ya kifua, za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, zimenakiliwa vilevile. Wajuzi hulinganisha manyoya ya mkia wa tai, bizimu na umbo la herufi, na bado hubishana. Anayetaka reale iliyogongwa malkia akiwa hai, njia nyepesi ni kutafuta yenye mwaka mwingine, 1765 kwa mfano, na kuiacha hiyo ya 1780.