Masikio Hayatoshi: Kuishi Kandokando ya Reli ya Umeme

Tangu treni za abiria za reli ya kisasa zilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo, wakazi wa mitaa inayopakana na njia hiyo, kuanzia Ilala, Buguruni na Vingunguti hadi Karakata, Gongo la Mboto na Pugu, wamekuwa wakituletea sisi watu wa reli maswali na malalamiko ya kila namna. Mengine ni ya haki kabisa na yanastahili majibu ya maandishi. Mengine yanatokana na kudhani kwamba reli hii ni ile ile ya zamani iliyopakwa rangi mpya. Makala haya yanahusu zaidi kundi hili la pili, kwa sababu ndilo linaloweza kumtoa mtu roho.

Watu wa Buguruni na Vingunguti hawakuanza jana kuishi na reli. Reli ya kati yenye upana wa mita moja, ambayo ujenzi wake ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani, imepita katikati ya makazi yao kwa vizazi, na mtoto aliyezaliwa kandokando yake alikua akijua kwamba treni husikika kwanza, huonekana baadaye. Injini ya dizeli hunguruma, honi hupigwa, ardhi hutetemeka, na mama anayeuza nyanya juu ya mataruma ana muda wa kukunja turubai lake na kuondoka. Hatukuwahi kuruhusu biashara hiyo, lakini ni kweli kwamba masikio yaliwalinda wengi.

Treni ya umeme haitoi nafasi hiyo. Mngurumo wa injini haupo, na sauti nyingi unayoisikia ni ya upepo na magurudumu, ambayo humfikia mtu aliye mbele ya treni wakati treni yenyewe imekwisha kukaribia. Mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, yaani takriban mita 44 kwa kila sekunde. Ndani ya jiji haiendi kwa kasi hiyo, na huwa ninaambiwa hivyo kila mkutano kana kwamba ni siri niliyoificha. Lakini hata kwa kilomita 80 kwa saa, treni hupita mita 22 kwa sekunde moja, na dereva akiona mtu na kufunga breki papo hapo, bado itateleza mamia ya mita kabla ya kusimama. Gari huweza kukwepa, treni haikwepi. Pia, pale reli inapokuwa na njia mbili, ile tabia ya kungoja treni ipite kisha kukatiza mara moja nyuma yake humpeleka mtu moja kwa moja mbele ya treni inayotoka upande wa pili.

Kwa sababu hiyo reli imezungushiwa uzio na haina makutano ya usawa mmoja na barabara. Magari na watu huvuka ama juu, kwa madaraja, ama chini, kwa vivuko. Uzio ni sehemu ya mfumo wa usalama sawa na taa na breki, na anayeutoboa anaharibu breki.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya tundu moja kwenye uzio, upande wa Vingunguti. Lilikuwa na ukubwa wa kutosha mtu kupita na ndoo kichwani bila kuinama sana. Nyaya zilizokatwa zilikuwa zimekunjwa kwa ndani, kwa uangalifu, ili zisichane nguo, na njia ya miguu iliyopita hapo ilikuwa imelainika kama sakafu. Hatua chache pembeni, mama mmoja alikuwa akikaanga vitumbua kwa ajili ya wapita njia. Nilimuuliza kivuko cha chini kiko umbali gani. Akanijibu, kwa heshima zote, "Si mbali, baba, lakini masika kinajaa maji, na usiku taa hakuna." Tundu hilo tumelifunga mara nne. Sitaki kujifanya kwamba jibu lake halina uzito, kwa kuwa kivuko kinachojaa maji hakivukiki. Hata hivyo, tulipofungua mfereji wa kivuko hicho tulitoa magunia ya taka za majumbani, nepi, matairi na godoro moja zima. Maji hayakujileta yenyewe.

Sasa umeme, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka.

Nyaya zilizo juu ya reli zina msongo wa volti 25,000. Umeme wa nyumbani kwako ni volti 230. Kwa msongo mkubwa kiasi hicho si lazima mtu aguse waya ili adhurike, kwani umeme unaweza kuruka hewani na kumfikia mtu au kitu kilichosogea karibu mno, hasa kikiwa kirefu, cha chuma au chenye unyevu. Kanuni tunayoifundisha ni kwamba mtu yeyote, pamoja na chochote alichoshika, abaki zaidi ya mita tatu kutoka kwenye nyaya hizo. Kwa mtu aliyesimama chini, nje ya uzio, umbali huo upo tayari. Tatizo huanza anapoinua kitu: upondo wa kuangulia maembe, bomba la antena, nondo zilizopangwa wima kwenye guta, ngazi ya fundi anayepaua nyumba. Uzi wa tiara ukilowa hupitisha umeme, na mtoto aliyeushika hana habari. Juu ya madaraja ya waenda kwa miguu, kumwaga maji au kukojolea upande wa reli si utovu wa adabu tu, maana maji hayo yanaweza kuwa njia ya umeme kurudi kwa mwenyewe.

Kuna imani tatu ambazo nimezijibu mara nyingi kiasi kwamba naomba niziandike hapa ili zikome. Ya kwanza ni kwamba nyaya huwa na umeme pale tu treni inapopita. Si kweli, zina umeme usiku na mchana. Ya pili ni kwamba umeme ukikatika mtaani, nyaya za reli nazo zimekatika. Si kweli pia, kwa kuwa reli hailishwi na transfoma ya mtaa wako. Ina vituo vyake vya kupoza umeme, vinavyopokea umeme wa msongo wa kilovolti 220 kupitia laini iliyojengwa kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira mkoani Morogoro. Mtaa mzima unaweza kuwa gizani na nyaya zile zikawa hai kama kawaida. Ya tatu, ambayo huletwa kwa sauti ya chini mkutano ukishakwisha, ni kwamba nyaya hizo huwafanya kina mama wasizae. Mitaa ya kandokando ya reli za umeme duniani imejaa watoto, na wasiwasi wetu mkubwa ni watoto hao.

Mwaka 2024 treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na taarifa iliyotolewa na Shirika la Reli Tanzania ikawataja bundi na ngedere. Watu walicheka sana, na vikaragosi vikasambaa mitandaoni. Kwa mtaalamu wa umeme hakukuwa na la kuchekesha: kiumbe anayegusa sehemu yenye umeme na sehemu iliyounganishwa na ardhi kwa wakati mmoja huwa daraja la umeme, na mitambo ya ulinzi huukata ili isiungue. Kanga iliyopeperushwa kutoka kwenye uzio hufanya kazi hiyo hiyo. Bati lisilopigiliwa sawasawa pia. Uzio wa reli una jua zuri, hilo nalikubali, na kila Jumamosi tunakuta vitenge, mashuka na sare za shule vimeanikwa kwa mstari mrefu. Upepo wa mchana ukivuma, kimoja tu kinatosha kusimamisha treni yenye mamia ya abiria.

Ukikuta waya umeanguka, usiukaribie hata kama hautoi cheche. Ukimwona mtu amenaswa, usimvute na usimmwagie maji. Piga simu polisi au kituo cha treni kilicho karibu, taja mahali, kisha zuia watu wengine wasisogee. Mwokoaji haingii mpaka umeme ukatwe kutoka kwenye chumba cha udhibiti, waya upimwe, kisha uunganishwe na ardhi, kazi ambayo mafundi huiita kupiga ethi. Najua ni vigumu kusimama na kutazama. Anayekimbilia kuokoa kabla ya hatua hizo huongeza maiti ya pili.

Kuhusu kurusha mawe, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtambua anayerusha kitu kwenye treni, au anayeweka kitu juu ya reli, kwa nia ya kuhatarisha usalama wa wasafiri, kuwa ametenda kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha. Narudia: kifungo cha maisha, si faini. Wazazi husema ni utoto. Mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10 kweli hawajibiki kwa jinai, lakini tunaowakamata mara nyingi wamekwisha kuuvuka umri huo, na jalada lao hufunguliwa na Kikosi cha Polisi Reli kama jalada jingine lolote. Kwa wanaokata nyaya za shaba na kung'oa vifungio, mashtaka yanaweza kuwa ya uhujumu uchumi, na mnunuzi wa chuma chakavu anayepokea mali hiyo hujikuta naye kizimbani hata kama hakuwahi kuusogelea uzio.

Suala la ardhi ndilo linalochukua muda mrefu zaidi mikutanoni. Eneo la hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande katika maeneo ya mijini na mita 30 nje ya miji, na mpaka halisi wa kila mahali huonyeshwa na mawe ya mpaka na ramani ya upimaji. Wengi huamini kwamba nyumba ikipigwa alama ya X, basi fidia ipo njiani. Alama hiyo huonyesha tu kwamba jengo limetambuliwa. Aliyekuwa na haki halali kwenye ardhi kabla haijatwaliwa kwa ajili ya mradi hulipwa. Aliyejenga ndani ya hifadhi iliyokwisha kutengwa hubomolewa bila malipo, na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haiwezi kuifanya hifadhi kuwa kiwanja. Madalali wanaouza "vipande vya kando ya reli" wanalijua hili vizuri kuliko wanunuzi wao.

Kwa anayestahili kulipwa, utaratibu ni huu. Hutolewa taarifa ya kutwaa ardhi, mhusika hujaza fomu ya madai, mthamini hufika na kukagua mbele ya mwenye mali na kiongozi wa mtaa, kisha jedwali la uthamini huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo hayahusu ardhi, majengo na mimea pekee. Kanuni za mwaka 2001 zimeweka pia posho ya usumbufu. Posho ya usafiri, inayokadiriwa kwa gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mmoja kuzidishwa mara 36. Na hasara ya faida kwa mwenye biashara, ambayo nayo ni faida halisi ya mwezi kuzidishwa mara 36, mradi awe na hesabu zilizokaguliwa. Mwenye duka asiyetunza hesabu hupoteza fungu hilo, na hapo hatuna la kumsaidia. Asiyehudhuria siku ya ukaguzi, kwa kuamini kwamba kutoonekana kutazuia mradi, hujipunguzia ushahidi mwenyewe. Usitie sahihi kabla ya kuhesabu vyumba, choo, kisima na miti yako yote kwenye fomu, na udai nakala.

Kelele na mtikisiko ni malalamiko halali, na zipo kanuni za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinazoweka viwango, ambavyo chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira kina mamlaka ya kuvipima. Kwa nyufa za ukuta, ushahidi ni picha zenye tarehe. Chora mstari wa penseli kukatiza ufa, andika tarehe pembeni yake, na urudie kila mwezi. Ufa unaoendelea utajionyesha, na ule uliokuwepo kabla ya reli nao utajionyesha.

Malalamiko yaandikwe kwa barua na yapitie kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kwa sababu malalamiko ya mdomo yanayotolewa mkutanoni hayana namba ya kumbukumbu na hakuna ofisa anayeweza kuulizwa yamefikia wapi. Taja jina, namba ya simu, tarehe, saa, na namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya umeme wa treni iliyo karibu zaidi na tukio, isomeke ukiwa nje ya uzio. Barua inayosema "kule bondeni karibu na mwembe" humlazimu fundi kutembea kilomita nzima akitafuta mwembe. Yule mama wa vitumbua alinisomea namba ya nguzo bila hata kugeuka, kwa kuwa ameitazama kila alfajiri tangu iliposimikwa, na taa ya kivuko imeombwa kwa namba hiyo.