Kwa nini mlango uleule huonekana mpya siku unapotakiwa kuupiga picha?

Siku ya nne neno lilikuwa "mlango". Tulikuwa ndugu kumi na mmoja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wengi wetu Mbeya, wachache Iringa na Makambako, na binamu yetu mmoja alikuwa ametuingiza kwenye chalenji ya picha: kila siku neno moja, kila mtu picha moja, kwa simu aliyonayo, kabla ya saa tatu usiku. Shangazi, ambaye kwa kawaida hutuletea sala ya asubuhi na picha za maua zilizoandikwa "siku njema", akatuma mlango wa mbao. Rangi ya bluu ilikuwa imebambuka, chini yake kijani, chini ya kijani kitu kama waridi, na komeo lilikuwa linang'aa kwa kushikwashikwa. Tukauliza: shangazi, huko ni wapi, Bagamoyo? Akajibu: "Ni duka la hapo Sokomatola mnaponunua sukari."

Mimi nimenunua sukari pale miaka tisa.

Waliowahi kucheza chalenji za namna hii, ziwe za siku 30 au za mwaka mzima wenye picha 365, husimulia jambo hilohilo: baada ya siku chache mtaa wako unakuwa kama umehamia jana. Mtaani hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni nini basi?

Tuanze na jicho lenyewe, maana linatudanganya kwa adabu sana. Nyoosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa kidole gumba. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kamili, ile unayosomea maandishi haya, hufunika takriban upana huo tu. Kilicho nje ya hapo ni ukungu, na ubongo hukijazia kwa makisio na kumbukumbu. Ndiyo maana macho hayatulii. Hurukaruka takriban mara tatu kila sekunde, yakiokota kipande hiki na kile. Unapopita dukani kwa haraka, ubongo hauna sababu ya kulirusha jicho mlangoni. Unajua pana mlango. Unaujazia, unalipa, unaondoka.

Mwaka 1804 daktari Mswisi, Ignaz Troxler, alieleza kwamba mtu akikodolea nukta moja bila kuhamisha macho, vitu hafifu vilivyo kando hufifia hadi kupotea. Unaweza kujaribu mwenyewe: weka nukta ya wino katikati ya karatasi, pembeni sugua penseli kidogo upate kivuli chepesi, kisha kodoa macho kwenye nukta kwa sekunde ishirini hivi. Kivuli kinayeyuka, na kipo. Hiyo ni kazi ya neva za macho, si sawasawa na miaka tisa ya kununua sukari, ila tabia ni moja: mwili hupuuza kisichobadilika ili uwahi kinachobadilika. Bajaji inayokatiza barabara ya Mafiati, hapa Mbeya, inabadilika. Mlango haubadiliki. Wahenga walisema mazoea yana tabu, na ni kweli, lakini bila mazoea tusingeweza hata kuvuka barabara ile.

Neno la siku linaingia hapo. Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo huenda umewahi kuliona kwenye intaneti. Watu walionyeshwa video ya wachezaji wakipasiana mpira wa kikapu, wakaambiwa wahesabu pasi za timu yenye fulana nyeupe. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe anaingia, anajipigapiga kifua, anatoka. Takriban nusu ya watazamaji hawakumwona.

Habari hii husimuliwa kama aibu ya binadamu. Mimi upande wake wa pili ndio unaonivutia zaidi. Wale watu hawakuwa vipofu. Walikuwa wamepewa kazi, na macho yaliitii kazi. Wangeambiwa watafute kitu cheusi, wengi zaidi wangemwona sokwe. Ubongo ukitumwa kutafuta rangi fulani, seli zinazoitikia rangi hiyo huchangamka, hata kwa sehemu za mandhari ambazo jicho halijazielekea. Kwa hiyo siku tulipopewa "nyekundu" nikaingia soko la Mwanjelwa nikiwa nimetegwa bila kujijua. Nyanya, sawa, nyanya kila mtu anazijua. Lakini pia kifuniko cha dumu, uzi uliofunga mdomo wa gunia, kucha za kijana anayesukuma toroli (sikumuuliza kwa nini), tanga la mwavuli lililoanza kupauka, na mwanga wake mwekundu ukidondokea kwenye mzani na kuufanya uonekane kama kitu cha kanisani. Ule mzani nimepimiwa maharage mara nyingi mno.

Tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno la siku linafanya kazi ya mgeni. Linakuja na macho yasiyojua kinachofaa kupuuzwa.

Nadhani kuna sababu nyingine, na hii ni ya kwetu zaidi. Wengi wa rika langu tumekua katika enzi ya mkanda wa kamera. Mkanda ulikuwa na picha 36, ulinunuliwa kwa pesa, ukasafishwa kwa pesa nyingine, kwa hiyo kila picha ilipimwa kama chumvi: kipaimara, harusi, mahafali, msiba, na ile ya studio yenye maua ya plastiki na pazia lililochorwa ziwa lenye mabata. Nani angepoteza picha moja kwa ajili ya sufuria? Tukajifunza, bila kufundishwa, kwamba picha ni ya siku kubwa na uzuri uko safarini. Mpaka leo mtu wa Mbeya akitaka "picha nzuri" hufikiria ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, au maua ya Kitulo, ile tambarare ya juu iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Sina ugomvi na Kitulo. Ila picha za Kitulo zinafanana, na nyingi ni za mtu aliyesimama mbele ya maua akiyaziba.

Ajabu ni kwamba sanaa hii ilianzia kwenye mambo ya kawaida kabisa. Picha ya zamani zaidi iliyopigwa kwa kamera na kusalia hadi leo ni ya Mfaransa Nicéphore Niépce, ya mwaka 1826 au 1827, na inaonyesha nini? Mapaa na kuta za nyumba yake, kutokea dirishani. Dirisha la ghorofani, basi. Mwaka 1838 mwenzake Louis Daguerre akapiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris, barabara yenye watu na magari ya farasi, lakini pichani iko tupu, kwa sababu kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa kunasa picha na kila aliyekuwa anatembea hakuacha alama. Isipokuwa mtu mmoja aliyesimama, mguu mbele, akipigiwa viatu rangi. Yeye na mpiga rangi wake ndio wanaohesabiwa kuwa binadamu wa kwanza kujulikana kuonekana kwenye picha. Kila ninapopita Kabwe penye wale vijana wenye viti na makopo ya rangi huwakumbuka wawili hao.

Sasa mwanga, maana hapa nyanda za juu tumebarikiwa kwa namna ambayo hata sisi wenyewe hatuisemi. Jua likiwa chini karibu na upeo, miale yake hupita kwenye hewa nene zaidi, rangi ya bluu hutawanywa njiani, na kinachotufikia ni dhahabu na machungwa. Kila mpiga picha anaijua saa hiyo. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba huku kwetu si saa. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima. Juni mwanga ule wa dhahabu hapa Mbeya hukaa kama dakika 25, wakati London mwezi huohuo hukaa karibu mara mbili ya hapo. Ukisema ngoja nimalize chai, umeukosa.

Lakini tunafidiwa. Tanzania nzima hufuata majira mamoja ya saa, na Mbeya iko mbali magharibi, kwa hiyo jua hutuchomozea karibu dakika 25 baada ya Dar es Salaam. Mwezi Juni linatoka kwenye saa moja kasoro hivi. Maana yake dhahabu inaangukia watu wakiwa tayari barabarani: wanafunzi wenye masweta, mama wa maandazi, makonda, moshi wa jiko la mkaa ukipanda taratibu kwenye baridi. Kilele cha mlima Loleza kinawaka huku sisi chini bado tumo kivulini. Dar wanalazimika kuamka mapema ili waupate mwanga huo. Sisi unatukuta kituoni.

Mchana ni habari nyingine. Katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, jua hutupitia utosini, nyuso zinakuwa na mashimo meusi mahali pa macho. Siku hizo tafuta kivuli cha baraza, au subiri wingu. Wanaolalamikia ukungu wa barabara ya Tukuyu wangejua ni pazia la bure la kulainisha mwanga, wangeshuka garini. Na kabla ya yote futa kioo cha kamera kwa pindo la kanga. Nusu ya picha "mbovu" za kundi letu zilikuwa mafuta ya vidole tu.

Nilidhani kupiga picha kwenyewe kunatosha kumfanya mtu aone. Hakutoshi. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel wa Marekani alichapisha jaribio alilofanyia kwenye jumba la makumbusho: waliopiga picha kitu kizima walikikumbuka vibaya kuliko waliokitazama tu, kana kwamba wameiachia simu kazi ya kukumbuka. Ila waliosogeza kamera kwenye sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Nikamkumbuka dada yangu wa Iringa. Kwenye neno "mikono" sisi tulituma watu kuanzia kichwa hadi miguu wakipunga. Yeye alituma vidole viwili vya mama anayesuka kikapu cha milulu, na mlulu mmoja uliokatika ukiwa umeshikwa kwa meno pembeni ya picha, karibu usiuone. Anasema alikaa pale robo saa. Ninaamini ile robo saa ndiyo picha yenyewe.

Jambo jingine lilithibitishwa na watafiti Alixandra Barasch, Gal Zauberman na Kristin Diehl mwaka 2018: mtu anayepiga picha ili aziweke mtandaoni hufurahia tukio kidogo kuliko anayejipigia kumbukumbu zake, kwa sababu wa kwanza anakuwa tayari na wasiwasi watu watamwonaje. Hapo chalenji za mitandaoni zina mtego wake. Nilijaribu moja kubwa ya maelfu ya watu, nikajikuta siku ya pili napanga maparachichi mezani kama tangazo. Nikarudi kwenye kundi la ukoo, ambako kigezo cha ubora ni shangazi kuandika "mh".

Watu wana haki ya kuulizwa, na si kwa adabu tu. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uyole nilimwomba mama mmoja wa viazi aliyeegemea lumbesa lake, lile gunia lililoongezewa kichwa juu ya mdomo. Alikuwa amependeza mno katika kule kuchoka kwake. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha." Akaitikia marahaba, akasema: "Nikiwa hivi? Subiri." Akafunga kitambaa upya, akasimama wima kama yuko studio ya mwaka 1985, akakaza uso. Picha niliyoitaka ikawa imekwisha, nikapiga aliyoitaka yeye, nikamtumia. Nilikasirika kidogo njia nzima. Baadaye nikaitazama tena nikaona nyuma yake lumbesa lile limekaa kama mtu mwingine mnene aliyekuja kupigwa naye.

Chalenji yetu iliisha siku ya 30 kwa neno "kivuli". Wengi waliacha siku hiyohiyo. Shangazi hakuacha, hutuma bado, bila neno, wakati mwingine tatu kwa siku. Mwezi uliopita lile duka la Sokomatola lilipakwa rangi ya kampuni moja ya simu, ukuta mzima, mlango na komeo vyote pamoja. Mwenye duka, mzee mmoja mkimya, alipomwona shangazi amesimama nje akatoka na kumwuliza kama ile picha aliyopiga siku zile bado anayo. Waridi ile ya chini kabisa, alisema, aliipaka mke wake.