Chuma kinaporudi na kisiporudi: maana ya mkazo, kukakamaa na kukatika

Nondo nyingi hufika Kigoma zikiwa zimekunjwa katikati. Nondo nzima ina mita 12 na bodi ya lori haifiki huko, basi inakunjwa mara mbili, inafungwa mafungu, na ikishashushwa saiti fundi anaichomeka kwenye bomba na kuivuta mpaka inyooke. Watu wameshazoea. Ukiuliza kama nondo iliyokunjwa na kunyooshwa bado ni nzima, utajibiwa moja kati ya mawili: "haina shida, chuma ni chuma", au "hiyo imeshakufa". Majibu yote mawili yamekosea. Ukijua yamekosea wapi, umeshaelewa sehemu kubwa ya namna vitu vya kujengea vinavyobadilika umbo, vinavyopata nguvu na vinavyokatika.

Tuanze na mkazo. Mkazo ni nguvu inayovuta au kugandamiza kitu, ikigawanywa kwa eneo linaloibeba. Nondo ya milimita 12 ukiikata na kutazama uso wake ina eneo la milimita za mraba 113 hivi. Ning'iniza tani 5 juu yake, kila milimita ya mraba itabeba nyutoni (kipimo cha nguvu) kama 430. Zining'inize tani hizohizo kwenye nondo ya milimita 16, mkazo unashuka mpaka nyutoni 245 hivi, kwa sababu mzigo umegawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. Kwa hiyo uzito peke yake hauelezi lolote mpaka ujue umebebwa na eneo gani.

Nondo ile ya milimita 12, yenye mita 12 na tani 5 zake, itarefuka. Si sana: kama milimita 26 kwa urefu wote. Ukiutoa mzigo inarudi ilivyokuwa, bila alama yoyote. Hali hii ya kurudi ndiyo unyumbufu, na Mwingereza Robert Hooke aliichapisha kanuni yake mwaka 1678: kadiri unavyovuta ndivyo kitu kinavyorefuka, ukizidisha nguvu mara mbili na urefu unaoongezeka unakuwa mara mbili.

Hapa kuna jambo linalowashangaza hata mafundi wazoefu. Katika eneo hili la kurudi, chuma cha bei ghali na chuma cha bei rahisi hurefuka karibu sawasawa. Ubora wa chuma husogeza mbele mpaka ambao hakitarudi tena, lakini haukifanyi kiwe kigumu zaidi kupinda kabla ya mpaka huo. Mtu ambaye kenchi zake za chuma zinabonyea akaenda kutafuta "chuma kikali zaidi" cha vipimo vilevile anapoteza hela. Kinachomsaidia ni chuma chenye kimo kirefu zaidi, au nguzo nyingine katikati. Aluminiamu ndiyo tofauti: kwa mkazo uleule hurefuka karibu mara tatu ya chuma.

Sasa endelea kuongeza mzigo. Kwa nondo za daraja la 460, mpaka uko kwenye nyutoni 460 kwa kila milimita ya mraba. Ukiuvuka, nondo haikatiki. Inaanza kuvutika, na ukiutoa mzigo inarudi kidogo tu, sehemu iliyobaki ya urefu ule imekuwa yake ya kudumu. Watu wengi hudhani chuma kina hali mbili, nzima na iliyokatika. Kati ya hizo mbili kuna eneo pana sana, na mkunjo wa nondo uko humo. Nondo ya milimita 12 ikikunjwa kuzunguka kigingi chenye kipenyo cha milimita 48, upande wa nje wa mkunjo unarefuka kiasi cha asilimia 20, yaani sawa na milimita 200 kwa kila mita. Mpaka wa kurudi ulikuwa milimita mbili na kidogo kwa kila mita. Tumeuvuka karibu mara tisini, na nondo bado iko mikononi.

Inawezekanaje? Chuma kimejengwa kwa atomu zilizopangwa safu kwa safu. Ukikokotoa nguvu inayotakiwa ili safu nzima iteleze kwa mara moja juu ya nyingine, unapata namba kubwa mno kuliko inavyopimwa kiwandani. Jibu lilipatikana mwaka 1934, pale Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa kazi yake, walipoeleza kwamba safu hazikamiliki. Ndani yake mna kasoro, mistari ambapo safu moja imeishia njiani. Fikiria jamvi kubwa zito lililotandikwa sakafuni: kulivuta lote kwa mpigo ni kazi, lakini ukitengeneza kunyanzi dogo upande mmoja na kulisukuma mpaka upande wa pili, jamvi limesogea. Kasoro zile ndizo makunyanzi. Zinasafiri, na kila moja ikipita, chuma kimebadilika umbo kidogo bila kuachana.

Na kadiri unavyokikunja ndivyo kasoro zinavyozaliana. Zikiwa nyingi zinagongana, zinafungana, nyingine zinazuia nyingine zisipite. Chuma kinakakamaa: ili kiendelee kupinda kinadai nguvu zaidi ya mwanzo. Umeshaiona hali hii bila kuipa jina. Fundi asiye na koleo akitaka kukata binding waya, anaikunja huku na huku mahali pamoja. Mkunjo wa kwanza ni laini. Wa tatu au wa nne, waya hautaki kupinda palepale, unataka kupinda pembeni yake, na ukigusa pale ni pa moto. Pamekuwa na nguvu kuliko sehemu nyingine ya waya. Mikunjo michache zaidi, unakatika hapohapo penye nguvu.

Kwa hiyo aliyesema nondo iliyonyooshwa "imekufa" amekosea: pale katikati imeongezeka nguvu. Aliyesema haina shida naye amekosea, kwa sababu nguvu ile imelipiwa kwa akiba ya kuvutika, na katika nyumba akiba hiyo ina thamani kuliko nguvu yenyewe. Zege halivutiki. Uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kugandamizwa, ndiyo maana tunaweka nondo. Msingi ukititia, au ardhi ikitikisika (na sisi tumekaa juu ya bonde la ufa, mitetemo si hadithi), tunataka nondo ivutike, zege lipasuke mistari, watu waone na watoke. Nondo iliyomaliza akiba yake haitoi taarifa.

Maoni yangu ni kwamba panga mikato yako ili ule mkunjo wa lori uangukie kwenye vipande vya ringi au ukatwe utupwe, na usiuweke katikati ya bimu. Kigingi cha kukunjia kiwe na kipenyo kisichopungua mara nne ya unene wa nondo. Nondo iliyokunjwa ikanyooshwa, usiikunje tena palepale.

Na usiichome. Joto kali huzifungua kasoro zilizofungana, na chuma kinalainika. Waya wa shaba uliokakamaa ukiuchoma ukawa mwekundu na kuuacha upoe, unapinda tena kama mpya, na wahunzi wanalijua hilo tangu zamani. Lakini nondo nyingi za siku hizi zilipewa nguvu yake kiwandani kwa kumwagiwa maji ghafla zilipotoka kwenye roli zikiwa nyekundu, ganda la nje likawa gumu na kiini kikabaki laini. Ukiiweka kwenye moto ili ipinde kirahisi unafuta kazi ile yote, na kwa macho hutaona tofauti.

Njia nyingine za kuongeza nguvu nazitaja tu: kuongeza kaboni, kuchanganya na madini mengine, na kupunguza ukubwa wa chembe zinazounda chuma. Zote zinafanya kazi moja, kuziwekea vizuizi kasoro zinazosafiri. Ukizidisha kaboni unafika kwenye chuma cha kumimina, kigumu kweli, lakini kipige nyundo uone kinavyomeguka.

Kumeguka ndiko kukatika kunakotisha. Chuma laini kikizidiwa hunyauka kwanza, kinakuwa chembamba mahali pamoja kama shingo, ndipo kinaachia. Chuma kinachomeguka hakina shingo. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta ya Schenectady ilipasuka katikati huko Portland, Marekani, ikiwa imefungwa gatini na maji yametulia. Chuma chake hakikuvumilia baridi, na bamba zake zilikuwa zimechomelewa, kwa hiyo ufa ulioanzia mahali pamoja ulikuwa na njia ya kukimbia mwili mzima. Bamba zilizoungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zilizopigwa vichwa pande zote mbili, zina faida hapo, ufa ukifika mwisho wa bamba unakosa njia. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ni ya kizazi hicho cha ribiti: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli, ikaungwa upya kwa ribiti hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Baridi ya kumegua chuma nayo haiko kwetu. Maji ya juu ya Tanganyika huwa zaidi ya nyuzi 20 mwaka mzima.

Kinachotuhusu zaidi ni uchovu. Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli katika karne ya 19, alichunguza ekseli za mabehewa zilizokuwa zikikatika chini ya mizigo ambayo kwa hesabu zilipaswa kuibeba bila taabu. Aligundua kwamba mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi unaua. Ekseli ikizunguka mara moja, kila sehemu ya uso wake imevutwa na kugandamizwa. Chukua gurudumu la kipenyo cha sentimita 85 kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 za reli ya kati: limezunguka mara laki nne na nusu, safari moja tu, kwenda.

Ufa wa uchovu huanzia penye tundu, kona kali, mkwaruzo au kutu, kwa kuwa mkazo hukusanyika hapo. Tundu la mviringo kwenye bamba linalovutwa hupandisha mkazo wa ukingoni mwake mara tatu, na ncha ya ufa, kwa vile ni kali, huupandisha zaidi sana. Chukua mkono wa pedali wa baiskeli uliokatika, utazame pale ulipoachana. Sehemu moja ni laini, ina mistari kama pete zinazotanuka kutoka kwenye nukta moja, mara nyingi imeshaanza kuwa nyeusi kwa grisi na vumbi. Hapo ufa ulikuwa ukitembea kwa wiki au miezi. Sehemu iliyobaki inakwaruza, inang'aa, mpya. Hiyo ndiyo iliyoachia siku ile mwendesha baiskeli aliyoanguka, na ndiyo anayoilaumu.

Ufa wa namna hiyo unaweza kuutafuta bila mashine. Safisha chuma kisiwe na rangi wala grisi, kipake mafuta ya taa yaingie, kipanguse kikauke kabisa, kisha kipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari kwenye chaki. Kwenye bamba la tela au fremu, toboa tundu mwishoni mwa mstari huo ili ncha kali iwe duara, nawe umepata muda wa kupanga matengenezo ya kweli. Kwenye ekseli usitoboe wala usichomelee, toa ukanunue nyingine.